Nyonga ya Refa

Alizaliwa wapi na nani, mimi sijui, na sidhani kwamba alizaliwa kama sisi wengine. Nadhani siku moja mtu alipuliza filimbi kwa nguvu kupita kiasi, akatoka yeye, kaptura nyeusi, soksi zimevutwa mpaka magotini, tayari amekasirika. Jina lake lipo kwenye kitambulisho na kwenye rejista ya kanisa, lakini Sagalla nzima, kuanzia kule chini kwenye mkonge hadi kule juu kwenye chemchemi, tulimwita Refa. Watoto wadogo waliamini ndivyo alivyobatizwa.

Nyumba yake iko juu ya yetu. Kwetu mlimani jirani hayuko kando yako. Yuko juu yako au yuko chini yako, na ukimwaga maji ya vyombo bila kuangalia umemwogesha mtu. Kwa hiyo nimeishi miaka yangu yote chini ya miguu yake, na naijua miguu hiyo kuliko ninavyoijua hesabu. Mwalimu wangu wa hesabu atathibitisha.

Siku za kazi alikuwa karani kule kwenye mashamba ya mkonge, mtu mpole wa kusema "ndiyo bwana" na "hapana bwana". Jumamosi ikifika upole wote ulibaki kwenye suruali ndefu. Kadi yake ya njano aliikata kwenye mfuniko wa ndoo. Ile nyekundu aliikata kwenye beseni la mkewe, beseni likiwa bado zima na likiwa bado na nguo. Na hakungoja kiwanja ndipo azitumie. Katekista wetu aliwahi kuonyeshwa ya njano katikati ya mahubiri kwa kuzidisha muda, akafupisha maombi ya kufunga mpaka tukafika nyumbani chakula hakijaiva. Mbuzi wa mama yangu alipewa nyekundu, akatoka shambani kwa heshima kuliko wachezaji wengi.

Mimi nilipata ya njano nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nyuma yake njiani, nikiiga mwendo wake, maana hata wakati huo alikuwa ameanza kuchechemea, bega la kulia likishuka na kupanda kama mtu anayepampu maji. Sikujua ana macho kisogoni.

"Wewe! Unaiga nini?"

"Naiga bata, Mzee."

"Bata gani?"

"Yule aliyechoka."

Akatoa kadi, akainyanyua juu kabisa, ingawa tulikuwa wawili tu na punda. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Akaniita Njano.

Alikuwa na misemo ambayo huwezi kuisikia kwa mtu mwingine. "Kanuni haina shangazi," alisema, maana yake hata kama ni shangazi yako aliyeunawa mpira, ni penalti. Kuhusu wachezaji wa kujiangusha alisema, "Anayeanguka mara moja ameumia. Anayeanguka mara tatu anatafuta kazi kwenye michezo ya redio." Na kanuni iliyozidi zote, aliyoishika kuliko Amri Kumi, ni kwamba refa habadilishi uamuzi. Kuna bao alilokubali ambalo lilipita nje ya mlingoti, kila mtu akaona, kipa akaona, hata mfungaji mwenyewe akaja mbio kumwambia.

"Refa, haijaingia hiyo. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako alipuliza filimbi?"

"La."

"Basi imeingia. Rudi katikati."

Timu ile ilichukua kombe kwa bao ambalo mwenyewe amelikana, na mpaka leo mfungaji hapendi kupigwa picha nalo.

Lakini umkute kwenye drafti! Alicheza na katekista kila Jumapili jioni kwenye baraza ya duka, kwa vifuniko vya soda, na aliiba. Hakuiba kwa siri wala kwa aibu. Kifuniko cha mwenzake kilikuwa kinapotea, halafu soksi ya Refa inakuwa na uvimbe.

"Refa, unaiba!" katekista akalia.

"Hapa mimi si refa, hapa ni mchezaji. Kazi ya mchezaji ni kuiba, kazi ya refa ni kuona. Wewe umeona?"

"Nimeona!"

"Basi umefanya kazi nzuri. Cheza."

Alikuwa mzee wa kanisa na alilala ibadani macho yakiwa wazi. Aliamini wanawake hawafai kupuliza filimbi kwa sababu, alisema, wana mengi ya kusema na filimbi ina neno moja tu. Na bado mimi, msichana, ndiye niliyepewa kibendera kwenye mechi za shule ya msingi, kwa maelezo kwamba nina mdomo mkubwa na mdomo mkubwa huenda na macho makubwa. Sijajua kama nilisifiwa.

Mkewe alikuwa mwembamba, mtaratibu, haongei. Sisi tulimwita Mama Kibendera. Refa akisimulia kisa mbele ya watu, akafika pale anapotia chumvi, mama huyo aliinua mkono juu pamoja na chochote alichoshika: mwiko, ufagio, siku moja kuku. Haongezi neno. Anainua tu, anasubiri. Refa hakumwangalia hata siku moja. Alikuwa akigeuza uso upande wa pili, anaendelea na mamba wake wa mto Voi aliyezidi kukua kila mwaka.

Sasa nyonga. Ile ya kulia ilikuwa imetafunwa na kupanda na kushuka mlima mpaka ikabaki makapi, kama muwa uliokwisha utamu. Miaka ya mwisho kabla ya matibabu, akipuliza filimbi ya mapumziko tulijua anajipulizia mwenyewe. Kanisa lilijuana na hospitali moja ya misheni huko bara, ambako daktari mmoja mzungu alikuwa anatoa viungo vilivyooza na kuweka vya chuma. Tukamfanyia maombi, akapanda treni Voi akiwa amekaa upande mmoja kama mwanamke juu ya baiskeli, na baada ya majuma kadhaa akarudi amenyooka.

Weeh! Watu walipanda mlima kumtazama kana kwamba ni daraja jipya. Alikaa kwenye kiti nje, akajipiga pajani.

"Gongeni. Msiogope, gongeni."

Mtu akigonga, Refa mwenyewe alipiga ulimi mdomoni: kong! Watoto walikimbia mpaka kwenye migomba. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, nimesoma sayansi, siwezi kudanganywa na ulimi wa mtu. Likizo ikaja, nikaja na sumaku ya maabara, nikaibandika kwenye kaptura yake. Ikaanguka.

"Mzee, hii si chuma. Umewekewa bati."

"Chuma changu," akasema, "hakina tabia ya kushikwashikwa."

Daktari alikuwa amemwambia mambo mawili. La kwanza: tembea, usikimbie. La pili: ukiona kovu limekuwa jekundu, lina joto, au linatoa maji, usingoje, njoo upesi. Refa alirudi nyumbani akiwa amelisahau la kwanza hata kabla ya treni kufika Mtito. Jumamosi ya tatu akiwa kiwanjani, alikuwa anakimbia, si kwa kasi, lakini kwa furaha ambayo mtu wa umri wake anapaswa kuificha. Nusu ya mlima walikuwa wanakuja kutazama mpira. Nusu nyingine walikuja kutazama nyonga.

Mwaka wa pili, baada ya mvua za vuli, kipele kikatokea kwenye kovu. Kipele tu, kama cha mbu. Kikaiva, kikapasuka, kikatoa usaha. Mama Kibendera akamshusha dispensari. Dresa wetu, mfunga vidonda, kijana mmoja mwenye mikono baridi, alikiangalia, akakibonyeza, akatikisa kichwa.

"Mzee, hiki si kipele. Hiki ni mlango. Wenyewe wako ndani."

"Wafukuze."

"Wamekaa kwenye chuma. Nyama ina damu, damu inapeleka dawa. Chuma hakina damu, wadudu wakishika hapo wanajikalia kama kutu. Mimi nakupa kapsuli, lakini panda treni wiki hii hii, nenda kwa waliokuwekea."

Refa akazimeza kapsuli siku chache na mlango ukafunga. Ngozi ikakauka, kovu likawa safi. Basi akatoka uani, akasimama katikati, akapuliza filimbi ndefu, ile ya mwisho wa mchezo, mikono miwili juu. Tulisikia sote hapa chini.

"Nini tena?" mama yangu akauliza.

"Refa amemaliza kidonda," nikamwambia.

Kapsuli zilizobaki alimpa jogoo wake aliyekuwa anachechemea, akamchanganyia kwenye pumba. Na kusema kweli jogoo alipona vizuri sana. Alinenepa, akaanza kuwika kabla ya wenzake wote. Hakuna mgonjwa wa Sagalla aliyepata matibabu kamili mwaka ule isipokuwa yule jogoo.

Kilichofuata ndicho ninachokijua vizuri kwa sababu nilikuwa likizo. Mlango ulifunguka tena, na mara hii ulikuwa na wateja. Lakini filimbi ilikuwa imeshapulizwa! Na refa habadilishi uamuzi. Alijaza pamba, akavaa kaptura mbili, juu yake suruali. Kanisani alihamia dirishani, upepo unakotokea. Alitetemeka juani saa za mchana akasema ni malaria, na malaria kwetu hainyimwi mtu. Alijipaka mafuta ya kuchua mpaka mbwa wakampisha njia. Sisi tukacheka, tukadhani ni uzee. Aliyejua ni mmoja tu, yule anayefua nguo.

Ikafika siku ya fainali kati ya shule yetu ya zamani na shule ya bondeni. Kiwanja chetu kimeinama, kipindi cha kwanza unapanda na cha pili unashuka, kwa hiyo hakuna anayekosa kulalamika. Refa akaingia katikati na mpira kwapani. Akauweka chini. Akatazama saa. Akaweka filimbi mdomoni.

Mama Kibendera akasimama pembeni mwa mstari. Hajawahi kuja kiwanjani. Alikuwa na taulo jeupe la nyumbani, na taulo lilikuwa na doa la manjano la ukubwa wa kiganja. Akaliinua juu kwa mkono mmoja, ukiwa umenyooka, kama tunavyofundishwa.

Refa akageuza uso upande wa pili.

Mama akatembea. Akazunguka kona, akapita nyuma ya goli, akaja upande ule ule alikotazama Refa, akasimama, taulo juu. Refa akageuka tena. Mama naye akazunguka tena, polepole, mkono haushuki. Mpira uko chini, wachezaji wamejipanga, filimbi iko mdomoni, na mzee anageuka pale katikati kama jogoo wa bati juu ya paa.

Sasa, kuna kifungu ambacho Refa alikuwa anakiruka kila anapotusomea kanuni, nami nakijua kwa sababu mwenye kibendera lazima akijue. Refa anaweza kubadilisha uamuzi wake akishauriwa na mshika kibendera, ilimradi mpira haujaanzishwa tena.

"Refa!" nikapiga kelele, sikuweza kujizuia. "Mpira haujaanzishwa!"

Aliniangalia kwa jicho la kadi nyekundu. Halafu akatoa filimbi mdomoni, akaenda hadi kwenye mstari, akiuburuta ule mguu mbele ya watu wote bila kuficha tena. Wakazungumza kwa sauti ya chini lakini mimi nilikuwa karibu, na masikio yangu yanalingana na mdomo.

"Umeona nini?"

"Usaha."

"Tangu lini?"

"Tangu jogoo alipoanza kunenepa."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayefua, baba."

Mgongo wake ulikuwa umelowa. Akageukia kiwanja, akapunga mikono miwili mbele ya kifua, ishara ya kufuta, ishara ambayo hatukuwahi kumwona akiitoa tangu tumjue. Kiwanja kizima kikashangilia kama ni bao, hata shule ya bondeni ambao hawakujua kinachoshangiliwa. Akamkabidhi mwalimu wa michezo filimbi, akashuka mlima siku ile ile.

Shule yangu ya bweni iko huko huko bara, mwendo wa kutembea tu kutoka ile hospitali ya misheni, kwa hiyo likizo ilipokwisha, Jumapili nilipata ruhusa ya kwenda kumwona "babu yangu mgonjwa". Kusema babu si uongo mkubwa, na chakula cha hospitali kilikuwa kizuri kuliko chetu.

Nilimkuta amelala chali, mguu umefungwa kamba inayopita kwenye gurudumu kitandani, na mwishoni kunaning'inia mfuko wa mchanga.

"Njano, wamenifunga kama ndama."

"Nani amekuangusha, Mzee?"

"Nimejiangusha mwenyewe. Tena kwenye eneo la hatari."

Sista wa wodi hakumzunguka alipofika. Ungekuja kipele kikiwa kipele, alimwambia, tungefungua, tungeosha, tungekupa dawa kali kwa majuma mengi, na huenda chuma kingebaki mahali pake. Lakini kimeshalegea, na mfupa unaokishika umeliwa. Basi walikitoa, pamoja na ile saruji iliyokishikilia, wakakwangua, wakaosha. Sasa kulikuwa na shimo pale ilipokuwa nyonga, na sindano asubuhi, mchana na jioni. Refa aliziita mashambulizi ya kushtukiza, maana wauguzi walikuja kutoka upande wa makalio.

Lakini usidhani alilia. Alikuwa ameigeuza wodi kuwa ligi. Vitanda vyote vinne vya kona ile vilikuwa vya watu wa chuma kilichoingia usaha, naye alinitangazia matokeo huku kidole kikielekea huku na huku.

"Yule wa dirishani, fundi cherehani, goti. Alikuja mapema, wameosha, chuma kimebaki, anaenda nyumbani. Ushindi wa wazi. Huyu wa mlangoni, mkulima, walitoa, wakangoja, wakaweka kingine, sasa anajifunza kutembea na kile kiti cha mabomba. Amefunga dakika za mwisho. Yule dereva pale, alitolewa, akawekwa kingine, usaha ukarudi."

"Amefungwa?"

"Kuna marudiano," dereva akajibu mwenyewe kutoka kitandani. "Usinizike, mzee."

"Na wewe, Refa?" nikauliza.

"Mimi mechi inaendelea. Usiulize refa matokeo mpira ukiwa unachezwa."

Jumapili iliyofuata nilimkuta daktari mwenyewe, mrefu, ana kalamu sikioni, na sista akitafsiri. Vipimo vya damu vilikuwa vizuri. Sasa ilibidi mzee achague. Wangeweza kumwekea chuma kingine, na angenyooka kama zamani. Lakini mfupa umebaki kidogo, na wadudu waliomshika walikuwa wabishi. Wakirudi tena huenda mguu wenyewe ukaondoka. Au waache hivyo hivyo bila kiungo. Mguu utakuwa mfupi, atatembea na gongo maisha yake yote, lakini usaha, kwa kadiri ya kuona kwao, basi.

Refa akauliza swali moja.

"Na mlima?"

"Mlima gani?" sista akauliza.

Hawakuelewa. Wao walimpima kutembea kwenye ukumbi wa hospitali, sakafu ya saruji, laini kama sahani. Nikainua mkono wangu, nikauinamisha mpaka ukawa karibu kama ukuta, nikatembeza vidole viwili juu yake. Daktari akautazama mkono huo. Akasema neno moja, na hata mimi nililielewa kabla halijatafsiriwa.

"Hajui," sista akasema.

"Mwambie asante," Refa akajibu. "Hapo ndipo amekuwa refa." Akafikiri, akavuta shuka mpaka kidevuni. "Mwambie aache hivyo. Nakubali sare. Sare ya ugenini si haba."

Alipotoka hakuja mlimani. Mwanawe mkubwa anafanya kazi reli, ana nyumba Voi mjini, na alikuwa ameshamtengenezea baba yake chumba: kitanda, redio, choo karibu. Mtu mwema sana, na alikuwa na hoja. Gari haliwezi kufika kwa Refa. Njia ya mwisho ni ya miguu na mbuzi. Mzee mwenye mguu mmoja na nusu atapandaje? Na akiugua huko juu, atashukaje?

Nilipita kumsalimia likizo ilipoanza. Amekaa mlangoni, gongo mapajani, kiatu cha kulia kimepigiliwa soli nene ya tairi ambayo bado haikutosha. Treni ya mizigo ikapita, vikombe vikatetemeka.

"Hapa nyumba zote ziko sawa sawa, Njano," akanong'ona kana kwamba ananiambia siri ya aibu. "Hakuna aliye juu, hakuna aliye chini. Mtu utamjuaje jirani?"

Walikuwa wamekubaliana, yeye na mwanawe. Akifika nyumbani kwake kwa miguu yake, atabaki huko na hakuna atakayemsumbua tena. Akibebwa hata hatua chache, atarudi Voi kwenye redio na choo cha karibu, na Mama Kibendera atashushwa naye. Mama mwenyewe alikuwa bado juu. Alitumiwa habari aje amsindikize, akajibu kwamba ana maharagwe ya kuvuna, wakifika watamkuta.

Siku ya kupanda nilikuwa nyuma yake. Mwanawe alikuja na vijana wanne na machela ya miti na gunia, "kwa tahadhari tu, baba". Refa aliitazama machela kama unavyomtazama mtu aliyekuja arusini na jembe.

Sehemu ya kwanza ya njia, mlima uko mkono wa kulia. Hapo ndipo tulipoanza kucheka, kwa sababu mguu wake mfupi ulikaa upande wa juu na ule mrefu upande wa chini, na mzee akawa amenyooka, sawa kabisa, kama askari wa gwaride. Mungu hakuumba kitu kilichofaa njia ile kuliko Refa.

"Mnaona?" akasema. "Voi ndiyo iliyoinama!"

Lakini njia yetu ina kona. Tukageuka, mlima ukaja kushoto, na mara mguu mfupi ukawa unatafuta ardhi ambayo iko chini kabisa. Akayumba. Gongo likateleza kwenye changarawe. Mwanawe akatoa mkono na vijana wakaiteremsha machela mabegani. Refa akasimama, anahema, jasho linashuka puani. Nikaona midomo yake imekuwa myeupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na mzaha wowote.

Halafu akageuka. Akaipa safari kisogo, akatazama tulikotoka, na mlima ukarudi kulia kwake. Akaanza kupanda kinyumenyume. Gongo, mguu, mguu. Gongo, mguu, mguu. Mtu aliyekimbia maisha yake yote akirudi nyuma, macho kwenye mpira, hashangai njia iliyo mgongoni.

Na kwa kuwa alikuwa ametugeukia, ndipo alipoona.

Kwetu humpiti mtu mzima kwenye njia nyembamba bila kusema "naomba njia", naye akupishe. Nyuma yetu kulikuwa na wanawake watatu wenye kuni. Nyuma yao dresa na sanduku lake. Nyuma yake mtu na ndama, watoto wa shule, na katekista, mnene, ambaye hajawahi kuwa na subira hata na Roho Mtakatifu. Msururu ulikuwa umepinda kona mpaka usionekane mwisho. Hakuna aliyeomba njia.

"Mnaenda wapi nyote?" Refa akauliza, bado anarudi nyuma.

"Nyumbani," mama mmoja wa kuni akajibu.

"Piteni basi."

"Hatuna haraka."

"Na kuni hizo kichwani?"

"Ni nyepesi, Mzee. Angalia jiwe."

Kona baada ya kona, alitembea akitazama mbele, akageuka, akatembea akitutazama sisi. Jua likahama bega moja hadi jingine. Akapumzika mara nyingi, na akipumzika, mlima mzima ulipumzika. Mwanawe aliacha kunyoosha mkono. Kwenye ile mita ya mwisho kabla ya uwanja wa nyumba yao, panapopandwa kama ngazi, Refa alikaa chini, akapanda kwa makalio, gongo kwapani. Vijana wa machela wakatazamana.

"Hiyo ni miguu?" mmoja akauliza.

"Si mikono yako," Refa akamjibu.

Mama Kibendera alikuwa uani, anapura maharagwe. Aliinua macho, akamwona mumewe amekaa kwenye ukingo wa uwanja wake mwenyewe, amejaa vumbi, na nyuma yake watu wanaibuka mmoja mmoja bila kuisha.

"Umekuja na wageni wengi," akasema. "Nimepika kidogo."

"Hawa si wageni. Wanapita tu."

Mwanawe akawaashiria vijana waiweke machela chini, akaenda kumwinua baba yake, na baba akakubali kuinuliwa, kwa kuwa sasa alikuwa ameshafika.

Machela ile haikushuka Voi. Nikipita asubuhi kwenda kuchota maji naiona imelazwa juani karibu na jiko lao, gunia limekazwa vizuri, maharagwe yameanikwa juu yake yanakauka.